Namba Isiyogawanyika

Jumapili, tarehe 4 Oktoba 1953

Nimetoka misa na hofu. Hata viazi vimenishinda.

Bwana Agronomu, mkubwa wa kilimo, alisimama mlangoni mwa kanisa, akatuita mbele ya watu wote sisi makapita wawili, wasimamizi wa kazi wa Kashuga, hapa Masisi: mimi, Théoneste Sebarenzi, na yule Nestor. Akasema kila mmoja amepewa kilima chake na miche 10.000 ya mikaratusi. Ameihesabu mwenyewe, ameandika, ametia sahihi. Jumamosi asubuhi anapita kutazama. Mistari inyooke, na kila mstari uwe na miche sawasawa na mwenzake. Mche usibaki nje. Shimo lisibaki tupu. Atakayetupa au kupoteza hata mche mmoja, gereza siku saba. Atakayefaulu anakuwa kapita mukubwa na kupewa ile nyumba ya matofali yenye mabati, pale barabarani. Atakayeshindwa anakwenda Itebero. Tukifaulu wote wawili, ataamua yeye.

Itebero! Huko Walikale, ndani ya msitu! Siku nyingi kwa miguu, matope mpaka magotini, na miti inayoziba jua. Mimi ni mtu wa vilima. Nisipoona mbali, pumzi inakata.

Na Verdiane je? Baba yake, Papa Kanyamibwa, alishaniambia wazi kwamba binti yake haingii katika nyumba ya majani. Mabati kwanza, halafu ng'ombe tutaziongea. Kwa hiyo nyumba ile njo Verdiane, na Verdiane njo nyumba ile.

Nestor ni mtu wa huko huko Itebero. Mpole sana. Ukimkanyaga mguu anasema asante, kaka. Watu wa namna hiyo njo hatari.

100 mara 100 ni 10.000. Naijua. Lakini na yeye anaijua! Tutafaulu wote wawili, halafu Bwana atamtazama yule na upole wake, atanitazama mimi, na mimi njo nitafunga mizigo. Mungu wangu.

Jumatatu, tarehe 5 Oktoba

NIMEPATA!

Mvua imenyesha tangu saa nane. Wafanyakazi wamejificha, mimi nimekaa na penseli na karatasi ya mfuko wa simenti. Wazo limenijia lenyewe. Nestor akiwa na miche 10.000, anafaulu. Akiwa na 10.001 je? Huo mmoja ataupeleka wapi? Kuutupa hawezi, gereza. Kuuacha nje hawezi, Bwana atauona. Mistari haitalingana kamwe!

Ila lazima namba hiyo isigawanyike kweli. Mimi si mtu wa kubahatisha. Nimeijaribu kwa 2, imekataa. Kwa 3, imekataa. Kwa 7, inabaki 5. Kwa 11, inakataa. Kwa 37, inakataa. Nimeipiga kila upande, haifunguki! Nimeendelea mpaka 71. Inabaki 61. Hapo viazi vilikuwa vimeiva, nikasema imetosha. Nani mwenye akili zake atapita 71?

Halafu jambo la kutisha. Kwa kuchezacheza tu, nimeizidisha kwa mwaka huu. 1953 mara 10.001. Nimepata 19.531.953. Mwaka umejiandika mara mbili! Penseli imenianguka. Nimechukua namba ya kitabu changu cha kodi, 4618. Nimepata 46.184.618. Mara mbili tena! Nimefanya ishara ya msalaba. Namba hii si ya kawaida. Namba hii imetumwa kwangu.

Jumanne, tarehe 6 Oktoba

Kazi imekwisha. Nusura nife.

Saa sita, jua kali. Kwenye miche yangu nimechagua mmoja, mwembamba kuliko yote, nimeutia ndani ya shati pamoja na kikopo chake cha ganda la mgomba. Huyo, mpaka chini ya kilima cha Nestor. Miche yake inalindwa na Papa Hakorimana, mzee asiyelala mchana hata ukimbembeleza. Lakini viazi vya kuchoma havikatai. Nimempa vitatu. Alipoinama kuvimenya, mche wangu ulikuwa tayari katikati ya wenzake. Amenishukuru sana. Amesema vijana wa siku hizi hawakumbuki wazee, ila mimi nina roho nzuri.

Kurudi, nani njiani? Verdiane! Na mtungi wa maji. Moyo umenidunda kwa sababu mbili. Amesimama, amenusa, ameuliza kwa nini nanuka mkaratusi namna hii. Ningesema nini? Nimesema nina mafua. Nimekohoa.

Basi, hakutaka kusikia mengine. Amenishika mkono mpaka kwao, akachemsha sufuria la majani ya mkaratusi, akanifunika blanketi na kichwa chote. Nimefukizwa nusu saa kwa ugonjwa nisio nao! Papa Kanyamibwa amepita, ameuliza huyu ni nani anayelia chini ya blanketi. Verdiane amesema ni Sebarenzi, baba. Mzee akasema aa, na akaendelea na njia yake.

Lakini mkono wake Verdiane, juu ya blanketi, hakuutoa. Nyumba ile lazima.

Jumatano, tarehe 7 Oktoba

Wafanyakazi wangu wamemaliza mashimo leo. 100 kwa 100, yamenyooka, unaweza kulia. Nestor hajachimba hata moja! Amekaa chini siku nzima anahesabu miche kama mama anayechambua maharagwe. Amemaliza, ameanza tena. Mimi niko upande huu wa bonde nacheka peke yangu.

Mchana alikuja kwangu. Uso umekunjamana. Nikajua, sasa analia. Hakulia. Ameniomba kitu kimoja, eti kwa kuwa mimi njo fundi wa kamba kupita watu wote wa Kashuga. Ameomba kamba ya kupimia mistari, yenye mafundo 73.

Sabini na tatu!

Nimeuliza, kaka, ya kazi gani. Akasema, “Mulima yangu iko mwembamba, kaka. Nataka kujaribu.” Nimejizuia, nimejizuia, nimeshindwa, nimecheka mpaka nikashika mti. Watu wa msituni! Mafundo 73! Nimemfungia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, moja moja, nikihesabu kwa sauti. Hata fundo moja sikumwibia. Ameniambia asante, kaka.

Alhamisi, tarehe 8 Oktoba

Siku ya giza. Naandika vibaya.

Tumepanda tangu alfajiri. Mstari wa kwanza, wa kumi, wa hamsini, wa tisini na tisa. Nikawa naimba. Tumefika mstari wa mia, tunashuka kuelekea barabarani, mche wa tisini na saba, tisini na nane, tisini na tisa. Halafu shimo. Hakuna mche! Shimo la mwisho kabisa, la pembeni, pale pale Bwana Agronomu anaposimamishaga motokari yake!

Nimepiga kelele mwizi. Nimewapanga wafanyakazi wote mstari mmoja, nimepekua vikapu, nimepekua makoti, nimepekua hata kofia. Nimewaambia aliyeuchukua autoe kwa hiari. Nimewaita nyoka. Nimeapa kwamba mtu anayeiba mche mmoja wa mwenzake hataiona mbingu. 

Kisha nimevua shati kujifuta jasho. Shati likanuka mkaratusi.

Yesu na Maria! Mche niliompa Nestor ulitoka kwangu! Kwa siku mbili nzima nilikuwa nahesabu ya kwake tu. Ya kwangu ni 9.999, na mimi nimechimba mashimo 10.000.

Nikasema moyoni, pole pole, na yeye ana wake wa kubaki. Tuko sare. Nimepanda juu kutazama ng'ambo.

Sikuamini macho. Mistari ya Nestor ilikuwa imekaa juu ya mgongo wa mlima, mirefu, imelingana mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mche nje. Papa Hakorimana amekuja kunieleza, mdomo umejaa viazi, kwamba wamechimba usiku kucha kwa mienge, mistari ni 73 na kila mmoja una miche 137. Nimekimbilia karatasi. 73 mara 137. Nimezidisha mara tatu. Mara tatu zote imekuja ile ile.

10.001.

Nilisimama kwenye 71. 72 haina faida. Kulikuwa kumebaki MOJA tu! Viazi vile! Viazi vile vimeniua!

Papa Hakorimana alipoona shimo langu tupu, akatikisa kichwa na kusema muchimba shimo anaingiaga mwenyewe. Hakuwa na maana yoyote mbaya, ni methali tu anazozipenda. Lakini nimemjibu vibaya.

Ijumaa, tarehe 9 Oktoba

Asubuhi mapema Verdiane amekuja mpaka shambani. Hakuzungusha maneno. Amesema amesikia kwamba mche wangu mmoja umepotea, na dawa iko. Amechukua kijiti, amechora ardhini. Ule mstari wa mwisho una miche 99, si ndiyo? Basi uung'oe wote. Mistari mingine iliyobaki ni 99. Kila mstari upewe mche mmoja mwishoni. Sasa mistari ni 99, kila mmoja una 101, hakuna kinachobaki, hakuna kinachopungua. Mashimo ya kuchimba ni 99 tu, na yale mia ya zamani yafukiwe. Kazi ya asubuhi moja.

Nimezidisha. 99 mara 101 ni 9.999. Nimeshtuka. Mtu ambaye hajakaa hata mwaka mmoja kwenye benchi ya shule!

Nikauliza nani alikufundisha. Akasema kwa uaminifu kwamba jana alimkuta Nestor akiichora hivyo hivyo, na Nestor njo aliyemwomba alete kwangu, maana alihesabu miche yake akaona mmoja umezidi, akajua kuna mahali unaliliwa.

Aaa! Hapo nimeelewa kila kitu. Mtego! Mtu gani anamsaidia adui yake bure? Anataka niung'oe mstari mzima, Bwana anikute na mashimo wazi na miche mikononi! Nimemwambia Verdiane amwambie aliyemtuma kwamba Sebarenzi si mtoto.

Verdiane amefuta mchoro wake kwa mguu. Kisha akasema, “Mimi nataka ile nyumba, Sebarenzi. Si sababu ya mabati.” Nimehisi ardhi inacheza. Nilitaka kusema neno. Badala yake nimesema kwamba nina mpango.

Na mpango nilikuwa nao. Nimekata tawi la mkaratusi mkubwa kwa panga, nimelichomeka kwenye shimo la pembeni, nimelishindilia udongo. Limesimama. Kwa mbali ni mche kabisa, tena mzuri kupita wenzake. Saa tisa limelegea. Nimekata lingine. Kesho alfajiri nitakata la tatu. 10.000 kamili! Na Nestor apande mitego yake mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 10 Oktoba

Naandikia gerezani. Penseli wameniachia.

Bwana amefika saa mbili. Motokari imesimama palepale. Amefungua mlango, ameweka mguu nje, matope, kiatu kikateleza, akashika cha karibu asianguke. Akashika mche wangu wa mwisho.

Ukatoka mzima mzima. Amebaki ameushika hewani. Ameutazama juu, ameutazama chini. Ameuliza kwa utulivu mizizi iko wapi. Nimesema imeliwa na fuko. Amenionyesha pale panga lilipokata, safi, upande mmoja. Ameuliza fuko wa Masisi wanabebaga panga tangu lini. Wafanyakazi wangu, wale wale niliowapekua kofia, wamecheka mpaka wamekaa chini.

Tukaenda kwa Nestor. Bwana amehesabu mistari, amehesabu miche ya mstari mmoja, amezidisha kwenye kitabu chake, amevua miwani, ameifuta, amezidisha tena. Ameuliza kwa nini 10.001 wakati yeye aliandika 10.000. Nestor amesema hajui mmoja ulikotoka, ila kutupa kumekatazwa, na mche ni kitu hai, kwa hiyo aliutafutia nafasi. Bwana amegeuka akatazama kilima changu. Kule umepungua mmoja, huku umezidi mmoja. Hata mimi ningejumlisha.

Siku saba gereza, halafu Itebero.

Lakini hiyo siyo iliyonivunja. Bwana ametoa karatasi mfukoni, akaipasua vipande vinne mbele yetu. Akasema basi, Nestor, hii haina kazi tena, Itebero imekwishapata mtu. Na Nestor, yule Nestor, akaanza kulia! Kumbe tangu Pasaka alikuwa ameomba arudishwe kwao! Mama yake yuko peke yake. Karatasi ilikuwa tayari, jina lake juu, sahihi chini. Hakutaka nyumba. Hakuitaka hata siku moja! Kama mimi ningekaa kitako wiki nzima nikila viazi vyangu, yeye angekwenda Itebero akicheka na mimi leo ningelala chini ya mabati.

Nimesikiliza hayo, nikainama kuokota vile vipande vinne. Polisi njo aliyenishika.

Jumamosi, tarehe 17 Oktoba

Nimetoka. Kesho safari.

Nestor amekuja na furushi la chumvi na kitambaa cha maua, nimpelekee mama yake, Mama Pétronille. Hakunilaumu hata neno moja. Sijui mtu wa namna hiyo anataka nini.

Verdiane amenisindikiza mpaka kijitoni. Amesema ameongea na baba yake. Nyumba yenye mabati ni nyumba yenye mabati, hata ikiwa Itebero, na yeye haogopi msitu. Atanisubiri mpaka Pasaka. Neno moja tu aliloniomba, amelisema akinikazia macho: mara hii nihesabu ya kwangu, niache ya mwenzangu. Nimeapa. Nimeapa kwa mkono wa kulia, maji yakipita miguuni. Amelia, na mimi nimelia.

Alhamisi, tarehe 29 Oktoba. Itebero

Nimefika. Ruba, mvua, na njiani, huko Mubi, nimepoteza kiatu kimoja. Mama Pétronille amebusu kitambaa, amenipa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, amenipa na kitanda cha mwanawe. Ananiita mtoto wangu. Nimekula sahani tatu.

Hapa kuna kapita mwingine, anaitwa Édouard. Mkimya. Leo barua ya Bwana Agronomu imesomwa: kila kapita apande miche 10.000 ya kahawa, mistari sawasawa, masharti ni yale yale. Ila safari hii nyumba za mabati ni mbili! Kila atakayefaulu anapata yake. Sikuamini masikio. Nimeomba isomwe tena. Nyumba mbili! 100 kwa 100, na Verdiane anakuja!

Jioni nimekwenda kuzitazama. Nzuri zote mbili. Ya Édouard ina dirisha la tatu.

Dirisha la tatu la nini? Mtu hata mke hana!

Jumamosi, tarehe 7 Novemba

Mtu mwenye akili anajifunza kutokana na makosa yake. Kosa langu Masisi lilikuwa moja tu. Nilisimama kwenye 71. Safari hii nimepita! Nimeijaribu namba mpya kwa 2, kwa 3, kwa zote, mpaka 71, sikula, sikunywa, nikaendelea mpaka 73 yenyewe. 73 nimeijaribu mara mbili, kwa maana njo iliyonitia aibu. Imekataa mara zote mbili!

Namba ni 10.033. Miaka 33 ya Bwana wetu, kwa hiyo baraka iko ndani. Jana mchana nimepeleka miche 33 kwa Édouard, kikapu kimoja, chini ya majani ya sombe. Hakuna aliyeona.

Mashimo yangu yote 10.000 yamekwisha kuchimbwa, mazuri sana. Miche yangu sasa ni 9.967. Safari hii nimekumbuka mapema! Hiyo nitaipanga upya kesho. Nimeijaribu kidogo, kwa 2, 3, 5, 7 na 11, bado inakataa. Si neno. Namba kubwa hivyo haikosi mlango.

Édouard akishindwa, ile ya madirisha matatu inabaki kwangu. Verdiane, kwenye dirisha la tatu tutaweka maua.

Saa kumi Édouard amekuja kuniomba kitu. Amesikia kwamba mimi ni fundi wa kamba. Anataka moja ya mafundo 79.

Sabini na tisa! Nimecheka mpaka Mama Pétronille ametoka jikoni na mwiko mkononi. Nimemfungia mwenyewe, mafundo yote 79, na nimeyakaza vizuri.